Chuo kidogo, wahitimu wakubwa

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu akisoma chuo kidogo kisicho na jina anaweza kufika mbali. Kitazame Chuo Kikuu cha Lincoln kilichoko Pennsylvania, Marekani. Kilianzishwa mwaka 1854 kwa ajili ya vijana weusi, na mpaka leo ni kidogo. Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, alihitimu hapo 1930. Kwame Nkrumah wa Ghana alimaliza 1939.

Ila anayenigusa zaidi ni Thurgood Marshall, mwanasheria mweusi wa Marekani, aliyehitimu mwaka uleule wa Azikiwe. Alipotaka kusomea sheria, chuo kikuu cha jimbo lake la Maryland kilikuwa hakipokei weusi, basi akaenda Chuo Kikuu cha Howard, na mama yake akaweka rehani pete zake za ndoa ili ada ipatikane. Miaka michache baadaye alisimama mahakamani akakilazimisha chuo kilekile kimpokee mwanafunzi mweusi. Akapewa Medali ya Spingarn, tuzo ya Wamarekani weusi waliofanya makubwa, 1946, akashinda kesi 29 kati ya 32 alizozitetea Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo.

Na kwetu pia alifika: mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, aliwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, akawaandikia rasimu ya sura ya haki. Wakenya wengi hawalijui hili, na inaniuma.