Doriani la Sisaket: tazama kikonyo kwanza

Dada yangu, umeuliza kama tunda la doriani la volkano la Sisaket, Thailand, lina tofauti kweli au ni bei tu. Tofauti ipo. Linatoka wilaya za Khun Han, Kantharalak na Si Rattana, kwenye udongo mwekundu wa volkano usiotuamisha maji. Ndiyo maana nyama yake ni kavu kidogo, laini, tamu, na harufu ni ya upole. Sisi tuliozoea doriani la Unguja tunaligundua mara moja. Jina hilo linalindwa kisheria, kwa hiyo dai alama ya asili, yaani nembo inayoonyesha limetoka huko. Kisha shika kikonyo: kikiwa kimesinyaa, liache. Likipasuliwa, bonyeza nyama taratibu. Kidole kikizama, limeiva kupita kiasi.