Liemba haikuzamishwa na Waingereza
Ndugu, umeuliza kama uandike katika sura yako ya kwanza kwamba Waingereza ndio walioizamisha Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapana. Meli hiyo, ambayo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi hapa Kigoma na kuitwa kwanza Graf von Goetzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 walipokuwa wakiuhama mji, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924. Waliyoizamisha wao ni meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, Februari 1916, na nadhani hapo ndipo ulipochanganya. Wazee wa bandarini husimulia vizuri sana, ila tarehe zao uzihakiki kwenye majalada ya pande zote mbili.