Maswali na Majibu: Ardhi Mpya, Pesa za Matunzo na Njia Zinazomomonyoka

Mwenye shamba jirani anataka kuipa hifadhi yetu ya mkoa ekari 60 bure. Bodi inanihimiza nisaini wiki hii. Kuna ubaya?

Usisaini kwanza. Kagua hati: je, anayetoa ndiye mmiliki, na ardhi haina rehani wala haki ya njia ya jirani? Kisha mpima ardhi avione vigingi vyote kwa macho yake, kwa sababu mgogoro wa mpaka utaurithi pamoja na shamba. Baada ya hapo tembea eneo zima kwa miguu, hasa mabondeni na nyuma ya mabanda. Humo ndimo hukutwa mapipa ya mafuta, dampo lililofukiwa na visima visivyofunikwa. Ukishapokea, gharama ya kusafisha inaweza kukuangukia wewe. Mwisho, piga hesabu ya mwaka mzima: uzio, doria, kinga ya moto, kung'oa mimea vamizi. Bajeti isipokuwa na fungu hilo, mwombe ahadi ya maandishi kwamba kwa miezi 12 hatampa mtu mwingine. Mtoaji wa dhati hakatai.

Tulinunua bonde miaka mitatu iliyopita, bado limefungwa. Wananchi wanasema tumekalia mali yao.

Kununua mapema na kufungua baadaye si kosa. Ardhi ikishajengwa nyumba hairudi. Kosa ni kunyamaza. Bandikeni langoni kinachosubiriwa (maegesho, daraja, askari wa hifadhi), ofisi inayokishughulikia na tarehe ya taarifa ijayo. Wakati huohuo anzisheni matembezi ya kuongozwa mara moja kwa mwezi. Ila kama hamna hata mpango wa matumizi ulioandikwa, wananchi wanasema kweli.

Pesa za kununua ardhi tunapata, za kuitunza hatupati. Wenzetu hufanyaje?

Wahisani na wanasiasa hupenda kukata utepe, si kuzibua mitaro. Tazama East Bay Regional Park District, mamlaka ya hifadhi za mkoa huko California, iliyoanzishwa kwa kura mwaka 1934. Mwaka 1988 wapiga kura waliidhinisha hatifungani (mikopo ya umma) za dola milioni 225, na mwaka 2008 za dola milioni 500. Pesa hizo ni za ardhi na ujenzi, haziwezi kulipa mshahara wa askari. Ndiyo maana mwaka 2004 ikapitishwa kodi tofauti ya viwanja katika sehemu ya eneo lake, dola 12 kwa mwaka kwa nyumba ya familia moja, kwa ajili ya usalama na matengenezo. Mwaka 2018 wapiga kura waliiongezea muda.

Uingereza walikwenda njia nyingine. Sheria ya 1966 iliyounda mamlaka ya hifadhi ya Lee Valley, yaani bonde la mto Lee, iliiruhusu kutoza halmashauri za London, Essex na Hertfordshire kila mwaka. Ni pato la uhakika, lakini halmashauri zilizo mbali na bonde hilo zimewahi kulalamika kwamba zinalipia wasichokitumia watu wao.

Kwako, anza na jambo dogo: ombi lolote la ununuzi lisifike kwenye bodi bila kuandikwa, kando ya bei, gharama ya matunzo ya miaka kumi. Utashangaa maombi yatakavyopungua.

Njia yetu mpya ya mlimani imegeuka mfereji baada ya msimu mmoja wa mvua. Tumwage kokoto?

Zitasombwa. Njia iliyonyooka na mteremko hupokea maji na kuyashusha yote, udongo unakwenda nayo, watembeaji wanakanyaga pembeni, na njia inapanuka. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima: kilima cha asilimia 20, njia isizidi 10, na hata kwenye kilima kikali zaidi wastani ubaki chini ya 10. Njia iinamishwe kuelekea ukingo wa chini kama asilimia 5, yaani sentimita 6 kwa njia ya upana wa mita 1.2, ili maji yavuke badala ya kufuata njia. Kila baada ya mita chache njia ishuke kidogo na kupanda tena, maji yatokee hapo. Kila mwaka chongeni tuta la udongo linalojijenga kwenye ukingo wa chini. Ndilo huyazuia maji. Kipande kilichokwisha haribika kihamisheni, kisha fukieni cha zamani kwa matawi hadi kisionekane, la sivyo watu watakirudia.

Mjumbe wa bodi huwapigia askari simu na kuwapa maagizo.

Bodi hupanga sera na bajeti, na ndiyo inayokuajiri na kukufukuza wewe meneja. Askari ni wako. Mwambie mwenyekiti kwa maandishi. Askari nao wajue jibu moja: "Nitamfikishia meneja."

Mashine ya kuhesabu wageni inatoa idadi ndogo kuliko tunayoiona.

Mwale wa mwanga wa mashine hukatwa mara moja hata wakipita wawili sambamba. Mkalishe mtu ahesabu saa kadhaa, siku ya kazi na ya mapumziko. Akipata 130 na mashine 100, zidisha kwa 1.3. Njia ikiwa ni ya kwenda na kurudi, gawa kwa mbili, maana kila mgeni amepita mara mbili.