Mkataba mnono humfanya mchezaji abweteke?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya usajili ya klabu ya Ligi Kuu Tanzania Bara. Mshambuliaji wetu ana miaka 26 na mkataba wake unaisha Juni. Msimu huu amefunga mabao 13 ndani ya dakika 2,340, matano kati ya hayo kwa penalti. Msimu uliopita alifunga 7 kwa dakika 1,890, na penalti hakuwa akipiga yeye. Wakala wake anataka miaka 3 kwa Sh300 milioni jumla: Sh120 milioni za usajili zilipwe siku ya kusaini, na mshahara wa Sh5 milioni kwa mwezi. Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema apewe, wapo wanaosema akishazishika atabweteka. Je, ni kweli mkataba mkubwa unaua ari? Na tukimpa, tuuandike vipi?

JIBU: Ndugu mjumbe, ari tuiache kwanza, tushike kikokotoo. Chukua mabao, zidisha kwa 90, gawanya kwa dakika alizocheza. Msimu huu anapata 0.50, yaani bao moja kila mechi mbili kamili. Ondoa penalti tano, yanabaki mabao 8 na hesabu inashuka hadi 0.31. Msimu uliopita, bila penalti hata moja, alikuwa na 0.33. Kwa hiyo mchezaji mnayebishania hajapanda kiwango. Ni yuleyule wa mwaka jana, ameongezewa dakika 450 na kukabidhiwa penalti. Wakala anawauzia mabao 13, lakini mnachonunua ni mabao 7 au 8 ya mchezo wa kawaida kwa msimu, na penalti kadiri mwamuzi atakavyozitoa.

Sasa chukulia mwakani amefunga 8 kwa sababu timu imepata penalti mbili tu na moja imegonga mwamba. Jukwaani itasemwa kashiba. Hakuna atakayefungua daftari kuona kwamba mabao yake ya mchezo wa kawaida ni yaleyale. Hadithi nyingi za kubweteka huzaliwa hivi: mkataba mkubwa hutolewa baada ya msimu bora kuliko yote aliyowahi kucheza mtu, na msimu wa namna hiyo kwa kawaida hufuatiwa na wa kawaida, awe amelipwa au hajalipwa. Mchumi Anthony Krautmann alilijadili jambo hili mwaka 1990 kwa wachezaji wa besiboli wa Marekani waliosaini mikataba mirefu. Alionyesha kwamba kushuka kwao baada ya kusaini kunaweza kuelezwa na kupanda na kushuka kwa kawaida kwa takwimu, bila haja ya kumwita mtu mvivu.

Hata hivyo wenzako wanaohofia hawajakosea kabisa, ila wameelekeza kidole pasipo. Kwenye Bundesliga ya Ujerumani, ambako Bernd Frick na wachumi wengine wamefuatilia mikataba na viwango vya wachezaji, lililojitokeza ni kwamba kiwango hupanda mwaka wa mwisho wa mkataba. Angalia vizuri kinachobadilika hapo. Mshahara ni uleule. Kilichopungua ni muda. Mchezaji aliyebakiza miezi kumi anajinadi sokoni kila wiki. Aliyebakiza miaka mitatu, na fedha yote ya usajili imeshaingia benki, hana cha kupoteza wala cha kupata kwa mechi ya Jumatano ugenini kwenye uwanja wenye matope. Kwa hiyo tatizo, likiwepo, limo kwenye muda uliobaki na jinsi fedha inavyotoka. Ukubwa wa jumla peke yake haujibu swali hilo.

Ligi yetu yenyewe ina mfano mzuri wa pande zote mbili ndani ya msimu mmoja. Msimu wa 2023/24 mfungaji bora alikuwa Stephane Aziz Ki wa Yanga kwa mabao 21, akiwa mwaka wa mwisho wa mkataba wake. Aliyemfuata kwa mabao 19 ni Feisal Salum, akiwa ndiyo kwanza msimu wake wa kwanza Azam. Feisal ndiye aliyerudisha Sh112 milioni Desemba 2022 akitaka kuvunja mkataba wake Yanga huku akilalamikia maslahi, na sakata likaisha kwa kuhamia Azam Juni 2023. Kama fedha nzuri huua ari, basi yeye ilimsahau. Kilichokuwa kimemvunja moyo ni hisia ya kulipwa pungufu kuliko thamani yake, na kwenye klabu zetu ugonjwa huo ni wa kawaida kuliko wa kushiba.

Aziz Ki alisaini upya Julai 2024 na msimu uliofuata hakukaribia mabao 21, kisha akaenda Wydad Casablanca. Kubweteka? Msimu huo Yanga ilianza na Miguel Gamondi, Novemba akaja Sead Ramovic, Februari akaja Miloud Hamdi. Kiungo mshambuliaji anayebadilishiwa mwalimu mara mbili ndani ya msimu hupewa majukumu mapya kila mara, na mabao 21 kwa kiungo yalikuwa kilele hata kabla ya hapo. Huwezi kumtenganisha mtu na hayo yote halafu ukasema kilichobaki ni uvivu.

Kocha kuondoka ni sababu ambayo kamati nyingi huisahau. Winston Bogarde, ambaye kila mwenye hofu humtaja, alisaini Chelsea mwaka 2000 mkataba wa miaka minne ulioripotiwa kuwa wa pauni 40,000 kwa wiki, akacheza mechi 9 tu za ligi. Wiki chache baada ya kufika, kocha Gianluca Vialli alifukuzwa na mrithi wake, Claudio Ranieri, hakumhitaji. Mesut Özil alisaini upya Arsenal mwanzoni mwa 2018 kwa mshahara ulioripotiwa kuwa pauni 350,000 kwa wiki, na Mei mwaka huohuo kocha Arsène Wenger akaondoka. Wote wawili walikuwa na miaka 29 siku ya kusaini. Umri huo kwa mchezaji anayetegemea mwili au kasi ni mlango wa kutokea, na mkataba mrefu hapo hulipia misimu iliyokwisha. Wa kwenu ana 26, kwa hiyo miaka mitatu itamfikisha 29. Kwa umri sina wasiwasi naye. Ningekuwa na wasiwasi kama mngekuwa mnafanya hivi mwakani kwa miaka minne.

Mkataba wenyewe sasa. Pendekezo la wakala lina kasoro moja kubwa: Sh120 milioni kati ya 300, yaani asilimia 40, zinatoka siku ya kwanza kabla hajavaa jezi ya mkataba mpya. Jumla iacheni ileile, badilisheni njia ya kuifikia. Ada ya usajili iwe Sh60 milioni: 30 akisaini, 15 Julai ya mwaka wa pili, 15 Julai ya mwaka wa tatu. Mshahara upande ngazi, Sh4.5 milioni mwaka wa kwanza, 5 wa pili na 5.5 wa tatu. Kwa miezi 36 jumla yake ni zilezile Sh180 milioni. Zinabaki Sh60 milioni, ambazo ni Sh20 milioni za bonasi kila mwaka. Wakala atagoma kwenye ada, hiyo ni kazi yake. Mkilazimika kuipandisha hadi Sh80 milioni, punguzeni bonasi, lakini awamu msiziguse.

Bonasi ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Kosa la kwanza ni kuweka kizingiti kimoja, mfano Sh9 milioni akianza mechi 20. Akifika 19, kila mtu klabuni anajua mechi ya 20 inagharimu kiasi gani, na kocha akimweka benchi hata kwa sababu halali, mchezaji ataamini ni mpango. Afadhali Sh300,000 kwa kila mechi ya ligi anayoanza; kwa mechi 30 inafika hizohizo 9, na hakuna ukingo wa kuporomokea. Kosa la pili ni kulipia mabao peke yake. Mshambuliaji anayelipwa kwa bao hampi pasi mwenzake aliye wazi mbele ya goli, na mgombano wa nani apige penalti unaanzia hapo. Wekeni Sh6 milioni timu ikimaliza ndani ya nne bora, na Sh5 milioni akifikisha jumla ya mabao na pasi za mabao 12, penalti zisihesabiwe. Pamoja na zile 9 za kuanza mechi, jumla ni 20.

Masharti ya malipo yawe mezani tangu mwanzo: kila kiasi kiandikwe kama ni kabla au baada ya kodi, kwa shilingi au dola, na tarehe ya kulipwa. Ugomvi mwingi wa bonasi hauhusu kiasi, unahusu tarehe ambayo haikuandikwa.

Kuhusu muda, badala ya miaka mitatu mikavu ningeandika miwili na mmoja wa nyongeza unaojiwasha wenyewe akianza mechi 20 za ligi katika mwaka wa pili. Najua nimetoka kukataa vizingiti, lakini hapa kinafanya kazi tofauti: kinamfanya mwaka wa pili aucheze kama mwaka wa mwisho, na akifikisha amejihakikishia. Epukeni kipengele cha klabu pekee kuamua kuongeza mwaka. FIFA na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, hukitazama kwa shaka, hasa kama hakimwongezei mchezaji chochote. Kumbukeni pia kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji: mkataba ni miaka mitano kwa upeo, isipokuwa sheria ya nchi inaruhusu zaidi, na aliye chini ya miaka 18 ni mitatu. Uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea matokeo ya vipimo vya afya, kwa hiyo mpimeni kabla ya kusaini.

Na msiandike kwamba kiwango kikishuka mkataba unavunjika. FIFA haikubali kiwango duni kuwa sababu halali ya kuvunja. Kumtenga akafanye mazoezi peke yake ili achoke na aondoke mwenyewe ni hatari zaidi, kwani ibara ya 14 ya kanuni hizo za FIFA inakihesabu kitendo kama hicho kuwa kinaweza kumpa mchezaji sababu halali ya kuvunja mkataba, nanyi mkalipa fidia.

Jambo la awamu lina faida ya upande wa mchezaji pia, na ni vizuri mmweleze hivyo. Milioni 120 zikiingia siku moja, mji mzima unajua kabla ya jioni. Kuna mjomba mwenye shamba la kununua, kuna rafiki wa utotoni mwenye biashara, kuna harusi tatu. Mchezaji wa miaka 26 hawezi kuwakatalia wote, na mawazo ya madeni ya watu wengine yanamfuata mazoezini. Awamu inampa neno la kujibu: haijatoka.

Ila mkikubali awamu, ilipeni. Mshahara unaochelewa huua ari haraka kuliko mkataba wowote mnono, na unaua ya chumba kizima cha kubadilishia nguo, si ya mtu mmoja. Kwa ibara ya 14bis, mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ya mwezi anaweza kuwapa notisi ya siku 15 kisha akavunja mkataba kwa sababu halali. Malipo yasiyo ya kila mwezi hupimwa kwa thamani ya miezi miwili, kwa hiyo msidhani awamu ya Julai iko nje ya hesabu hiyo.

Akishasaini, acheni kumpima kwa macho. Takriban dakika 30 baada ya kila mazoezi, ataje ugumu wake kwa alama 0 hadi 10, zidisheni kwa dakika za mazoezi mpate mzigo wa siku hiyo: 6 kwa dakika 75 ni 450. Mkiwa na fulana za GPS, zenye kifaa cha kupima mwendo, andikeni pia mita alizokimbia kwa kasi kubwa. Mita zikishuka huku alama za ugumu zikipanda, huyo amechoka au anaumwa. Apumzishwe na apimwe. Vyote viwili vikishuka kwa wiki tatu mfululizo, hapo kuna la kuzungumza naye, na kocha ndiye aanze, si kamati. Mita zikibaki zilezile lakini mashuti yakapungua, tafuteni nani amekoma kumpa mpira, au amesogezwa pembeni kutoka mbele ya goli. Mara nyingi mtagundua winga aliyekuwa akimlisha ndiye mliyemuuza dirisha lilelile mlilompa yeye mkataba.