Mozaiki za Ravenna: maswali yenu kuhusu tiketi, mwanga na mikono iliyobaki nguzoni

Ravenna ni mji mdogo kaskazini-mashariki mwa Italia, karibu na Bahari ya Adriatiki. Mwaka 402 Kaisari Honorius alihamishia hapa makao ya dola ya Roma ya Magharibi kutoka Milano. Baadaye ukawa mji mkuu wa Wagothi chini ya mfalme wao Theodoric, na mwaka 540 ukaangukia mikononi mwa Wabizanti (Waroma wa Mashariki), wakaushika mpaka Walombardi walipouteka mwaka 751. Majengo manane ya zama hizo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996. Saba kati yake yana mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa vijiwe na vipande vidogo vya kioo.

Nitakuwa Bologna kikazi na nina siku moja tu ya mapumziko. Nitayamaliza yote manane?

Hapana, na usijaribu. Ukikimbilia yote utatoka na picha za simu tu. Chagua matano au sita, na uyaache mawili: kaburi la Theodoric, ambalo halina mozaiki (ingawa paa lake la jiwe moja zima, linalokisiwa kuwa na tani zaidi ya 200, ni ajabu yake lenyewe), na kanisa la Classe (Sant'Apollinare in Classe), ambalo liko nje ya mji.

Treni ya kawaida kutoka Bologna huchukua saa moja na robo hivi. Kama tiketi yako ni ya karatasi, igonge muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla hujapanda. Tiketi halali isiyogongwa hutozwa faini, na wageni wengi hunaswa hapo. Ukishuka Ravenna, anza na kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, barabara ya Via di Roma, kwa sababu ndilo lililo karibu zaidi na kituo. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi jengo la ubatizo la Waario (Wakristo wa madhehebu ya Theodoric). Endelea hadi jengo la ubatizo la Neon (askofu wa zamani wa mji), pamoja na jumba la makumbusho la Askofu Mkuu lililo jirani, ukale, kisha umalizie kanisa la San Vitale na kaburi linaloitwa la Galla Placidia (dada wa Honorius), ambayo yako kwenye ua mmoja. San Vitale ipe saa nzima. Hilo ndilo jengo ambalo watu hujuta kulipita haraka.

Nimechanganyikiwa na tiketi. Ipi inaingiza wapi?

Majengo yako chini ya wenyewe wawili, na vurugu yote inatokea hapo. Jimbo Kuu Katoliki linasimamia matano: San Vitale, Galla Placidia, ubatizo wa Neon, Sant'Apollinare Nuovo, na makumbusho ya Askofu Mkuu yenye kikanisa cha Mtakatifu Andrea ndani yake. Haya huingiwa kwa tiketi moja ya pamoja. Serikali ya Italia inasimamia matatu: ubatizo wa Waario, kaburi la Theodoric na Sant'Apollinare in Classe. Tiketi ya Jimbo haifui dafu huko.

Tiketi ya pamoja inakuingiza mara moja tu katika kila jengo, kwa hiyo usitoke San Vitale kwenda kunywa kahawa ukidhani utarudi. Jambo la kushika zaidi: Galla Placidia na ubatizo wa Neon ni vyumba vidogo, na huingiwa kwa saa uliyopangiwa. Weka nafasi ya hivyo viwili kwanza, kwenye tovuti ya Jimbo, halafu mengine uyapange kuzunguka saa hizo. Anayefanya kinyume hujikuta ana tiketi mkononi na nafasi ya Galla Placidia imebaki ya jioni, treni yake imeshaondoka. Kumbuka pia kwamba wakati wa baridi milango hufungwa mapema, na kuingia hukatwa kabla ya saa ya kufunga.

Nimesikia kwa Galla Placidia wanakupa dakika tano tu. Nitaona nini kwa dakika tano?

Utaona mengi ukijiandaa. Tatizo si dakika, ni macho. Ndani kuna giza, kwa kuwa madirisha hayana kioo, yamezibwa kwa mabamba ya alabasta yanayopitisha mwanga wa rangi ya asali. (Mabamba hayo ni zawadi ya Mfalme Vittorio Emanuele III ya mwanzoni mwa karne ya 20.) Ukitoka kwenye jua kali la uani, dakika mbili za mwanzo huoni kitu. Basi ukiwa kwenye foleni simama kivulini, vua miwani ya jua, na usitazame simu. Ukiingia, usiinue kamera kwanza. Tulia. Buluu ya kuba itaanza kujitokeza yenyewe, kisha nyota za dhahabu, kisha msalaba ulio katikati yake.

Halafu geuka nyuma. Mchungaji Mwema, picha iliyo bora kuliko zote humo kwa maoni yetu, yuko juu ya mlango ulioingilia, na kila kundi wapo wanaotoka bila kumwona. Yesu hana ndevu, amekaa katikati ya kondoo, mkono mmoja ameunyoosha kumgusa kondoo mdomoni. Mwenyewe Galla Placidia hakuzikwa humo, usipoteze muda kulitafuta jeneza lake. Alifia Roma mwaka 450.

Picha zangu za San Vitale zilitoka na mabaka meupe, na dhahabu ilikuwa kama rangi ya haradali. Nilikosea wapi?

Kama ulitumia flashi, hilo ndilo kosa, na tena hairuhusiwi. Kipande cha dhahabu katika mozaiki kimetengenezwa kama mkate uliopakwa siagi katikati: chini kioo, katikati utando mwembamba sana wa dhahabu halisi, juu kioo chembamba cha kuulinda. Fundi alivibandika kimoja kimoja kwenye lipu mbichi ya chokaa, na hakuvilaza sawasawa. Kila kimoja kina mwinamo wake. Mwanga ukija kutoka upande, hiki kinawaka na jirani yake kinafifia. Ukipiga hatua mbili, vinabadilishana. Flashi inatoka palepale ulipo, inarudi palepale, na ule mchezo wote unakufa.

Nyanyua simu uielekeze kwenye sehemu ya dhahabu, gusa hapo ili ipunguze mwanga yenyewe, kisha tembea pole pole kushoto na kulia mpaka dhahabu iwake. Nyuma ya altare kuna madirisha yanayotazama mashariki. Asubuhi kamera huyaona hayo na kuitia picha giza. Mchana baada ya chakula ni rahisi zaidi.

Na ukiwa hapo sogea karibu na altare, kwa maana picha mbili zinazotafutwa na kila mtu ziko kwenye kuta za kando. Ukiielekea altare, kushoto kwako ni Kaisari Justinian ameshika patena (sahani ya mkate wa misa) ya dhahabu, kulia ni mkewe Theodora ameshika kalisi (kikombe cha divai). Wote wawili hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Katika picha hizo mbili ni mtu mmoja tu aliyeandikwa jina juu ya kichwa chake, Askofu Maximianus, ndiye aliyelitabaruku kanisa mwaka 547. Tazama vito vya Theodora: baadhi si kioo, ni gamba la chaza, ndiyo maana vinang'aa kwa weupe laini. Kwenye pindo la joho lake wametariziwa Mamajusi watatu wakibeba zawadi. Pindo hilo ni dogo, na picha nyingi za vitabuni hulimeza. Beba darubini ndogo inayokuza mara nane. Itakufaa kuliko lenzi ya bei kubwa.

Sant'Apollinare Nuovo kuna mikono isiyo na watu. Iko wapi hasa?

Ukiingia, tazama ukuta wa kulia, mwanzo kabisa, upande wa mlangoni. Utaona jengo lenye neno PALATIVM: ni jumba la Theodoric. Kati ya nguzo kuna mapazia meupe yaliyofungwa mafundo. Sasa weka darubini kwenye nguzo zenyewe, usiangalie mapazia. Juu ya weupe wa nguzo utaona vidole, kiganja, kipande cha mkono, vimekatika ghafla pale pazia linapoanza.

Theodoric na Wagothi wake walikuwa Waario, Wakristo waliofundisha kwamba Mwana si sawa na Baba. Kanisa hili lilikuwa la jumba lake. Wabizanti walipolichukua, Askofu Agnellus, mnamo mwaka 561, aliliweka mikononi mwa Wakatoliki, na mafundi wakawang'oa watu wa Theodoric waliosimama kati ya nguzo, wakajaza mapazia. Lakini mikono ile ilipita mbele ya nguzo. Kuing'oa kungelazimu kuzipanga nguzo upya, nao wakaiacha. Ukuta wa kushoto, kwenye bandari ya Classe, nako watu walifutwa, ila kuwatambua ni kazi zaidi.

Msururu mrefu wa wafiadini 26 wa kulia na mabikira 22 wa kushoto uliwekwa wakati huohuo wa Agnellus. Picha za maisha ya Yesu, juu kabisa, ni za Theodoric: 13 kila upande, na bila darubini huzioni. Kushoto Yesu hana ndevu. Kulia, kwenye mateso, anazo.

Nina muda wa jengo moja tu la ubatizo. Nichague lipi?

La Neon. Ni la karne ya 5, na mapambo yake yamebaki kutoka chini mpaka juu, wakati la Waario limebakiwa na kuba tu. Katika yote mawili Yesu anabatizwa katikati na mitume wanamzunguka. La Waario lina kitu kimoja ambacho tungesikitika ukikikosa: Mto Yordani amechorwa kama mzee aliyekaa, na kichwani ana magando ya kaa.

Kuna sehemu zilizotengenezwa upya?

Zipo, na vizuri kujua kabla hujaandika sifa. Katika ubatizo wa Neon, kichwa cha Yesu, mkono wa Yohane wenye bakuli na njiwa ni kazi ya karne ya 19. Vichwa vya Mamajusi pale Sant'Apollinare Nuovo vilevile.

Kwa nini majengo haya yanaonekana kama yamezama?

Kwa sababu yamezama. Mji umekaa juu ya udongo laini wa mabwawa. Sakafu ya ubatizo wa Neon imeinuliwa kwa takriban mita tatu tangu ijengwe, ndiyo maana kuba liko karibu na kichwa chako kuliko fundi alivyokusudia. Ukitaka kuyaona maji yenyewe, nenda kanisa la San Francesco, uiname kwenye kidirisha kilicho chini ya altare na utumbukize sarafu. Taa inawaka, na unaona chumba cha chini kimejaa maji, samaki wanaogelea juu ya sakafu ya mozaiki.

Classe inastahili safari?

Ukilala Ravenna usiku mmoja, ndiyo, bila shaka. Liko kilomita tano hivi kusini-mashariki mwa mji. Basi namba 4 linapita. Tiketi inunue mapema kwenye duka la tumbaku lenye alama ya T. Au panda treni ya kwenda Rimini ushuke kituo cha kwanza, Classe, ambacho kiko karibu na kanisa. Treni zinazosimama hapo ni chache, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi kabla hujatoka kituoni.

Ndani ya kanisa hili, lililotabarukiwa mwaka 549, hakuna msongamano. Kuta zimebaki tupu kwa kuwa Sigismondo Malatesta, mtawala wa Rimini, alizing'oa marumaru zake mwaka 1449. Nenda moja kwa moja mbele. Msalaba mkubwa umezungukwa na nyota 99, na Musa na Eliya wako pembeni mwake: ni Yesu kugeuka sura mlimani, ila Petro, Yakobo na Yohane wamechorwa kama kondoo watatu. Kisha tafuta pale mikono ya msalaba inapokutana. Kuna uso wa Yesu, mdogo sana. Simama katikati ya kanisa, darubini machoni, na umpe muda.