Maswali ya Jikoni: Sinia la Usiku na Mama Mwenye Sukari

Swali: Assalaam alaykum. Mama yetu ana sukari na ameambiwa apunguze wali usiku. Nyumbani tumezoea sinia la tangu enzi za bibi: wali wa nazi, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka (wa kuchomwa makaani huku akipakwa tui zito la nazi). Tumpikie chakula chake peke yake?
– Binti wa Kisauni

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Hapana haja ya sufuria ya pili. Anayepikiwa kando huishia kudokoa sinia la wenzake. Mlo huo hauna ubaya wa ukale. Ila nazi imeingia kila chungu, mboga ya majani haimo, na sinia halionyeshi nani kala kiasi gani.

Nazi moja yawatosha watu wanne. Ikuneni, mtie kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, mkamue na kuchuja. Tui hilo zito ni la samaki. Machicha yale yale yatieni vikombe 3 vya maji, mkamue tena: tui jepesi hilo lipikieni vikombe 2 vya mchele uliorowekwa nusu saa. Korogeni mpaka likaribie kukauka, ndipo mfunike na kupalia makaa juu ya kifuniko. Mkifunika mapema, mafuta ya nazi huelea juu na chini wali huungua.

Mbaazi zilale majini, maji yamwagwe asubuhi, zichemshwe bila nazi. Zikishalainika ndipo muunge kwa kitunguu, nyanya na kijiko 1 cha mafuta. Nyanya ikitangulia, uchachu wake huzifanya zikawie kuiva. Wala msizihesabu kuwa mboga, maana pamoja na protini zina wanga. Mboga ni mchicha, matembele au mnavu, na majani hayo sokoni Kongowea hayakosekani. Mnavu uchemsheni kwanza, mmwage maji, uchungu upungue. Ndimu ikamuliwe juu ya mboga: husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi ingoje muda wa saa moja baada ya kula, kwani huyazuia madini hayo.

Mama akae mkeka ule ule, ila apakuliwe sahani yake: nusu mboga na kachumbari, robo samaki, robo iliyobaki wali na mbaazi kwa pamoja, wali usizidi ngumi yake. Kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, zungumzeni na daktari wake kabla ya kupunguza wali ghafla. Dawa ile ile kwa chakula kidogo yaweza kuishusha sukari mno, akatetemeka na kutoka jasho.

Swali: Tui la kupaka hunikatikia kila mara, mafuta na maji yakatengana. Kwa nini?
– Msomaji, Majengo

Jibu: Moto mkali, au ndimu ya mapema. Likoroge mfululizo kwa moto mdogo mpaka liwe zito, uepue, ndipo utie ndimu au ukwaju. Lililokatika hulika, ila halimshiki samaki, hudondokea makaani.