Andare: vado, vai, va… nilivyokizoea mie huku Malindi

Dada, umeuliza kwa nini andare, yaani "kwenda" kwa Kitaliano, huanza na "and", halafu ukitaka kusema "naenda" kinageuka vado, na sisi wengine tulikishikaje. Mie sikusoma darasani. Kitaliano nimekiokota Malindi nikihudumia meza hotelini, kwa hivyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Usikishangae sana. Ni vitenzi viwili ndani ya nyumba moja: vado (naenda), vai (unaenda), va (anaenda) na vanno (wanaenda) vimetokana na vadere ya Kilatini, ilhali andiamo (tunaenda) na andate (mnaenda) vina asili yao nyingine. Kwani sisi? Mweleze mgeni kwa nini twasema "nenda" na si "enda", au kwa nini kitenzi ni kuja lakini mtu huitwa "njoo".

Hayo maumbo sita utayashika kwa wiki. Kilichonitoa jasho ni vile vijineno vinavyofuata. Sisi twasema naenda Roma, naenda Italia, naenda benki, yamekwisha. Wao mji ni vado a Roma, nchi ni vado in Italia, benki ni in banca, lakini shule ni a scuola, na ufukweni ni al mare. Nilipoacha kutafuta sababu na kuanza kukariri kila mahali pamoja na kijineno chake, ndipo nilipopata nafuu. Mahali pamoja tu panapoturahisikia ni da: kila ambapo ungesema "kwa" ukimaanisha mtu, itie hiyo. Naenda kwa daktari, vado dal medico. Naenda kwa Maria, vado da Maria. Hapo sikukosea hata siku moja.

Wakati uliopita, jihadhari. "Nimekula" ni ho mangiato, ila "nimekwenda" si ho andato, ni sono andato. Na wewe mwanamke utasema sono andata. Mie mwalimu wangu alikuwa bibi mmoja mgeni, mtu mzima, aliyekuja kila msimu. Nikamwiga neno kwa neno. Karibu mwaka mzima, na ndevu zangu hizi, nawaambia wageni sono andata al mercato (nimekwenda sokoni), nao wacheka, mie nadhani wamefurahia huduma!

Jingine: ukialikwa mfuatane, usijibu vado con voi. Sisi twasema "haya, nitaenda nanyi", wao husema vengo con voi, yaani hutumia "kuja".

Halafu kuna mi va, ambayo haina safari ndani yake. Jioni moja mzee aliniambia, "Il pesce stasera non mi va." Nikasikia samaki, nikasikia "haiendi", nikajua kaharibika. Nikakimbilia jikoni, mpishi akatoka na aproni yake kuomba radhi. Kumbe mzee hakuwa na hamu ya samaki usiku ule, alitaka tambi tu.